Waya Uje Mwisho: Mwongozo wa Othodontia kwa Mwanafunzi wa Udaktari wa Meno

Ukiingia kliniki ya othodontia kwa mara ya kwanza, macho yatakimbilia meno na akili itakimbilia breisi. Virudishe vyote viwili nyuma. Meno yanashika nafasi ya tatu katika mambo ya kutazama, baada ya maneno ya mgonjwa na uso wake. Waya haumo kabisa mpaka uwe na karatasi yenye orodha ya matatizo, yamepangwa kwa uzito. Anayejua kupinda waya lakini hajui kuandika orodha hiyo atawatibu wagonjwa wote kwa namna moja. Anayeijua orodha, hata asiposhika koleo maisha yake yote, ataokoa chonge, atatunza nafasi, na atampeleka mgonjwa kwa bingwa kwa wakati. Wengi wenu mtafanya kazi katika hospitali za wilaya na kliniki ndogo, wala hamtakuwa mabingwa wa othodontia. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye uchunguzi.

Tutembee na mgonjwa wa mfano: msichana wa miaka 10, ameletwa na mama yake. Ni wa kubuni, lakini vipande vyake utavikuta kliniki kila wiki.

Sikiliza kabla ya kufungua mdomo

Mama atasema, "Dokta, meno yake yametoka nje mno, wenzake shuleni wanamtania." Andika maneno hayo kama yalivyo. Kisha mgeukie mtoto, umuulize yeye mwenyewe kinachomsumbua. Mara nyingi jibu huwa tofauti: hawezi kufunga midomo, au meno ya chini yanamchoma kwenye kaakaa akitafuna. Mara nyingine hana shida yoyote, na hilo nalo liandike, kwa sababu atakayevaa kifaa mwaka mzima ni mtoto, si mama.

Usimwandikie mtu tatizo ambalo hajaja nalo. Vitabu vingi tunavyosoma huuweka mwanya wa meno ya juu ya mbele kwenye kundi la kasoro. Kwetu mwanya ni urembo, na wapo wanaotamani kuwa nao. Uupime, uuandike kwenye kumbukumbu, lakini usiupendekezee tiba mpaka mwenyewe aseme haupendi. Kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi sababu ya kuuacha ni kubwa zaidi: mwanya wa umri huo mara nyingi huziba wenyewe chonge za juu zinapoota, kwa hiyo usikimbilie kukata kile kikano kinachounganisha mdomo na ufizi. Na ukikutana na mzazi aliyefunga meno mawili ya mbele ya mwanawe kwa raba ili kuziba mwanya, shughulika naye siku hiyohiyo. Mzizi wa jino hupungua unene kuelekea ncha, hivyo raba huteleza na kuzama chini ya ufizi, ikala mfupa bila kuonekana. Meno mazima kabisa yamepotea kwa njia hiyo.

Historia ya afya ina maswali ya kawaida unayoyajua. Mawili nayasisitiza. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na taya la juu lililosogea mbele kwa sababu uboho umepanuka ndani ya mfupa. Ukiona meno tu utadhani ni kisa cha kawaida cha kunyonya kidole. Mgonjwa wa kifafa anayetumia fenitoini anaweza kuwa na fizi zilizovimba, na breisi zitaongeza uvimbe huo.

Yapo pia maswali ambayo hutayakuta kwenye fomu zilizoandaliwa ng'ambo. Uliza kwa upole kama mtoto alipokuwa mchanga "alitolewa meno ya plastiki". Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akipata homa au kuhara, uvimbe wa kawaida wa ufizi pale chonge za utotoni zinapotarajiwa kuota hudhaniwa kuwa ndio chanzo cha ugonjwa, na vichipukizi vya meno hayo huchimbuliwa kwa chombo kisicho safi. Mtoto akipona, alama hubaki: chonge za utotoni hazipo, enameli ya meno jirani ina kasoro, mstari wa kati umehama, na wakati mwingine chonge ya kudumu imeharibika au imekaa upande. Usiulize kwa sauti ya polisi. Mzazi alifanya alichoambiwa kitamwokoa mwanawe, na ukimwaibisha hatakwambia kweli. Vivyo hivyo kwa mgonjwa aliyeng'olewa meno ya chini ya mbele kwa mila, kama ilivyokuwa kwa Wamaasai na Wajaluo: pengo lile lina historia, na pengine mwenyewe halihesabu kuwa tatizo.

Mwisho wa mazungumzo, pima ukuaji. Muulize mama kama sare ya shule imekuwa fupi mwaka huu. Msichana huwa kwenye kasi kubwa ya kukua karibu na miaka 12, mvulana karibu na 14, na kwa msichana hedhi ya kwanza huja kasi hiyo ikishaanza kupungua. Swali hilo la hedhi muulize mama pembeni.

Uso

Mwinue mgonjwa akae wima, atazame mbele kama anayeangalia upeo wa bahari. Aliyelala kwenye kiti hubadilika: taya la chini hurudi nyuma, midomo hulegea, na wewe utaandika uongo. Mtazame kwa mielekeo mitatu, mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, na usiuchanganye mmoja na mwingine.

Kwa mwelekeo wa kwanza, weka kidole kimoja kwenye kina cha ufizi chini ya pua na kingine juu ya kidevu, mahali ambapo mifupa ya taya inapapasika. Kidole cha juu kikitangulia cha chini kwa milimita mbili au tatu, uhusiano wa mataya ni wa kawaida. Kikitangulia zaidi, kama kwa msichana wetu, mifupa yenyewe imepishana, na tatizo haliko kwenye meno peke yake. Kwa mwelekeo wa juu na chini, linganisha urefu kutoka katikati ya nyusi hadi chini ya pua na urefu kutoka hapo hadi kidevuni. Kwa kawaida vinakaribiana. Kwa mwelekeo wa tatu, nyosha uzi wa kusafishia meno kutoka katikati ya paji hadi kidevuni, uone kama kidevu na mistari ya kati ya meno vinaufuata. Andika mstari upi umehama, wa juu au wa chini, na umeelekea wapi. "Mistari haikutani" ni maelezo yasiyomsaidia atakayesoma faili.

Midomo ikiwa imetulia, je, inagusana? Usimwambie "funga mdomo," maana atajikaza na kidevu kitajikunja. Mwambie ameze mate, kisha aachie. Msichana wetu akiachia, meno ya juu yanabaki wazi na mdomo wa chini unaingia nyuma yake. Hilo ni jambo zito, kwa sababu mdomo ulioketi hapo unaendelea kuyasukuma meno nje kila siku. Meno yaliyotoka namna hiyo ndiyo huvunjika ya kwanza mtoto akianguka uwanjani.

Hapa uwe macho na vipimo vya kuazima. Mstari ambao bingwa wa othodontia Ricketts aliuchora kutoka ncha ya pua hadi kidevuni, midomo ikitakiwa kukaa nyuma yake, ulitokana na nyuso za Wamarekani weupe. Nyuso nyingi za Kiafrika zina midomo minene iliyotangulia na meno ya mbele yaliyoinama nje kidogo, na ni nyuso zenye uwiano na zinazopendeza. Ukiufuata mstari ule kama sheria, nusu ya watu wa mtaani kwako watakuwa wagonjwa.

Mdomoni

Kabla ya kupima chochote, tazama ukoga, mashimo na fizi. Mdomo wenye ukoga mwingi haupewi breisi, na hilo halina mjadala. Kisha hesabu meno, yaliyopo na yasiyokuwepo, ukilinganisha kulia na kushoto. Jino la upande mmoja likiota na pacha wake akachelewa zaidi ya miezi sita, tafuta sababu. Jedwali za umri wa kuota meno zilizotengenezwa Ulaya na Amerika zitumie kama mwongozo tu; watoto wa Kiafrika kwa wastani huota meno ya kudumu mapema zaidi. Msichana wetu bado ana magego ya utotoni ya chini, na chonge za kudumu hazijaota. Yuko nyuma ya wenzake kidogo.

Sasa papasa. Chonge ya juu ya kudumu huota karibu na miaka 11 au 12, lakini kuanzia miaka 9 au 10 uvimbe wake unapaswa kupapasika juu ya ufizi, upande wa shavu. Kwa msichana wetu wa kulia upo, wa kushoto haupo, na chonge ya utotoni ya kushoto haitikisiki. Kipimo hiki cha sekunde kumi, kisichohitaji zaidi ya glavu, ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote daktari wa kawaida anavyoweza kumfanyia mtoto wa umri huu. Ajabu ni jinsi kinavyosahaulika.

Ndipo uende kwa Edward Angle. Mwaka 1899 Mmarekani huyu alipanga kuumana kwa meno kwa kutazama gego la kwanza la kudumu. Kilele cha mbele cha upande wa shavu cha gego la juu kikikaa kwenye mfereji wa shavuni wa gego la chini, ni Daraja la Kwanza. Gego la chini likiwa nyuma ya hapo, ni la Pili; likiwa mbele, ni la Tatu. Daraja la Pili lina migawanyo miwili: wa kwanza meno ya juu ya mbele yameinama nje, wa pili yale ya kati yameinama ndani. Mpango huu umedumu kwa sababu ni rahisi, na urahisi huohuo ndio udhaifu wake. Hausemi lolote kuhusu uso, wala kuhusu kuumana kwa juu na chini. Katika utafiti wa watoto wa shule wa miaka 12 hadi 14 jijini Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2009, zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa na magego ya Daraja la Kwanza, lakini zaidi ya nusu walikuwa na kasoro moja au nyingine: mstari wa kati uliohama, nafasi kati ya meno, meno ya mbele yasiyokutana. Ukiishia kwenye daraja, wagonjwa wako wengi watafanana kwenye faili.

Ovajeti ni umbali wa mlalo kutoka uso wa mbele wa jino la chini hadi ukingo wa jino la juu. Kawaida ni milimita 2 hadi 3. Ipime kwa rula ya chuma iliyolala sambamba na meno. Watoto wengi hupeleka taya mbele wakijua wanapimwa, basi mwambie arudishe ncha ya ulimi nyuma kabisa kwenye kaakaa, kisha aume. Yetu ni milimita 8. Ovabaiti ni kiasi ambacho jino la juu linalifunika la chini; theluthi moja ni kawaida. Yake inafunika lote, na meno ya chini yanaacha alama kwenye kaakaa.

Tazama pia taya linavyofunga. Jino moja la juu likiwa nyuma ya la chini, mgonjwa anaweza kugusa hapo kwanza kisha akalisogeza taya mbele au pembeni ili aume vizuri. Mtoto wa namna hiyo huonekana Daraja la Tatu kumbe mifupa yake haina neno. Ukimsahihishia jino hilo mapema kwa sahani yenye springi ndogo, taya hurudi mahali pake.

Hesabu ya nafasi

Sehemu hii wanafunzi huikimbia. Kaa nayo, kwa maana ndiyo inayoamua kama jino litang'olewa.

Meno manne ya chini ya mbele ya msichana wetu, ukiyapima upana kwa kalipa kwenye modeli ya plasta na kujumlisha, yanatoa milimita 23. Yamebanana, yamepungukiwa nafasi ya milimita 3. Chonge na magego madogo ya kudumu bado yako ndani ya mfupa, hivyo upana wake tunaukadiria. Tanaka na Johnston, mwaka 1974, walitoa njia nyepesi: chukua nusu ya jumla ya meno manne ya chini ya mbele, ongeza 10.5 kwa kila upande wa taya la chini, au 11 kwa kila upande wa taya la juu. Nusu ya 23 ni 11.5, ukiongeza 10.5 unapata 22. Basi kila upande wa chini unahitaji milimita 22 kwa meno matatu yanayokuja.

Nafasi iliyopo sasa, kutoka nyuma ya jino la pembeni la mbele hadi mbele ya gego la kwanza la kudumu, ni milimita 23.5. Gego la pili la utotoni ni pana kuliko gego dogo litakalochukua mahali pake, na ziada ya 1.5 inatoka hapo. Pande mbili, milimita 3. Mbanano nao ni milimita 3. Hesabu imetoka sawasawa.

Maana yake kliniki ni hii: magego ya utotoni ya chini yakidondoka na gego la kwanza la kudumu likaachwa liteleze mbele, zile milimita 3 zinaliwa na meno ya mbele yanabaki yamebanana. Ukifunga waya wa kutunza nafasi unaopita nyuma ya meno ya mbele kutoka gego la kulia hadi la kushoto, kabla magego ya utotoni hayajadondoka, mbanano unaweza kwisha bila kung'oa hata jino moja. Na gego la utotoni lililooza likang'olewa mapema bila kutunziwa nafasi ni hasara hiyohiyo. Angalizo moja: fomula hii ilitokana na watoto wa asili ya Ulaya huko Cleveland. Meno ya Waafrika wengi ni mapana zaidi, hivyo kadirio laweza kuwa dogo kuliko ukweli. Lithibitishe kwa eksirei.

Eksirei

Piga eksirei ukiwa na swali. Eksirei ya panorama hujibu maswali ya idadi ya meno, mizizi, na chonge iliyopotea. Yetu inaonyesha chonge ya juu kushoto imelala, kichwa chake kimepanda juu ya mzizi wa jino la pembeni. Iko upande wa kaakaa au wa shavu? Piga eksirei ndogo mbili za eneo hilo, ya pili ukihamisha mrija pembeni. Jino lililofichika likihama kuelekea ulikohamishia mrija, liko upande wa kaakaa. Likihama kinyume, liko upande wa shavu. La msichana wetu linaufuata mrija.

Sefalogramu, eksirei ya kichwa ya ubavuni ambayo Broadbent wa Marekani na Hofrath wa Ujerumani waliianzisha kila mmoja kwa njia yake mwaka 1931, humpa bingwa pembe za mifupa. Zijue tatu: SNA kwa taya la juu, karibu digrii 82, SNB kwa taya la chini, karibu 80, na tofauti yao, ANB, karibu 2. Hizo ni namba za bingwa Steiner, na kwa Waafrika wengi wenye uso wa kawaida ANB huwa kubwa zaidi. Namba ikipingana na uso uliouona mwenyewe, rudi ukautazame uso tena.

Orodha

Chukua karatasi. Kwanza andika magonjwa: mashimo, fizi, chonge isiyojua njia. Kisha yanayohusu umbo: uso, mataya, kuumana, mpangilio. Ya msichana wetu inasomeka hivi, kwa uzito: chonge ya juu kushoto imeelekea kaakaani, ovajeti ya milimita 8 na mdomo wa chini ulionaswa nyuma ya meno, ovabaiti inayojeruhi kaakaa, taya la chini liko nyuma kiasi, mbanano mdogo wa chini. Malalamiko ya mama yako namba mbili. Mweleze kwa nini siyo ya kwanza.

Ukitaka kupima uhitaji kwa kipimo kinachoeleweka kila mahali, tumia kile cha Brook na Shaw kilichochapishwa Uingereza mwaka 1989, chenye ngazi tano. Ovajeti inayozidi milimita 6 lakini haizidi 9 ni ngazi ya 4, uhitaji mkubwa. Ikizidi 9, au jino likikwama lisiweze kuota, au mgonjwa akiwa na mdomo sungura, ni ngazi ya 5. Pale ambapo bingwa ni mmoja na foleni ni ndefu, ngazi hizi humsaidia kuamua nani atangulie.

Mpango

Kila tatizo kwenye orodha lipe jibu moja, kisha uone majibu yapi yanagongana. Kwa chonge, ng'oa chonge ya utotoni ya kushoto sasa. Ericson na Kurol walionyesha mwaka 1988 kwamba kwa watoto wa umri wa miaka 10 hadi 13 wenye nafasi ya kutosha, chonge nyingi zilizoelekea kaakaani hugeuza njia zikaota vizuri baada ya kung'oa huko. Piga eksirei tena baada ya mwaka. Zisipogeuka, ni kazi ya upasuaji na mnyororo wa kuzivuta. Kwa nafasi ya chini, waya wa kutunza nafasi. Haya mawili daktari wa meno wa kawaida anayaweza, akishauriana na bingwa.

Kwa ovajeti kuna muda. Kifaa kinachopeleka taya la chini mbele wakati wa kukua, mfano Twin Block aliyoibuni William Clark wa Scotland, hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa kwenye kasi ya ukuaji. Kuanza mapema sana, miaka saba au nane, hakuleti matokeo bora mwishoni. Faida iliyothibitika ni kupunguza uwezekano wa meno ya mbele kuvunjika. Kwa msichana wetu ningesubiri mpaka karibu na miaka 11, isipokuwa kama utani wa shuleni umemvunja moyo au anacheza michezo ya kuanguka. Na usimwahidi mama kwamba taya "litakuzwa". Sehemu kubwa ya mabadiliko hutokana na meno kuinama, ya juu kwenda ndani na ya chini kwenda nje. Mifupa huchangia kidogo.

Kung'oa au kutong'oa ni ugomvi wa zamani. Angle alikataa kung'oa kabisa, akiamini kila mtu anaweza kuwa na meno yake yote yakiwa yamepangika. Mwanafunzi wake Charles Tweed aliwatazama wagonjwa wake mwenyewe meno yakirudi na nyuso zikijaa, akawatibu upya kwa kung'oa magego madogo, na mwaka 1940 akaonyesha mbele ya wenzake visa 100 vya namna hiyo. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Mbanano wa chini ya milimita 4 mara chache huhitaji kung'oa. Unaozidi 8 mara nyingi huhitaji. Kati ya hapo, amua kwa uso na midomo. Gego dogo moja hutoa karibu milimita 7. Ila kabla ya kulichagua, tazama gego la kwanza la kudumu: likiwa limeoza vibaya, pengine hilo ndilo litolewe, jino zima libaki. Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 10, gego la pili ambalo halijaota linaweza kusogea likajaza pengo lenyewe.

Na umbali uweke kwenye mpango. Breisi hudumu mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na miadi huwa kila wiki nne hadi nane. Mama anayesafiri kwa basi usiku mzima kufika kliniki atashindwa mwezi wa tano, mtoto akibaki na waya unaomchoma. Heri lengo dogo litakalokamilika.

Nguvu ndogo

Ukibonyeza jino kwa nguvu ndogo inayoendelea, nyuzi zinazolishika kwenye mfupa hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Penye kubanwa, seli hula mfupa. Penye kuvutwa, mfupa mpya hujengwa. Jino husogea karibu milimita moja kwa mwezi. Ukizidisha nguvu hulifanyi liende haraka: damu inakatika kwenye nyuzi, tishu zinakufa, na jino linasimama kwa majuma mpaka mfupa uliwe kutoka nyuma. Kuinamisha jino kunahitaji gramu 35 hadi 60. Kulisogeza lote na mzizi wake, 70 hadi 120. Kulizamisha, 10 hadi 20 tu. Nunua kipima nguvu, mkono wako usiuamini. Na mwambie mgonjwa mapema kwamba ncha za mizizi zinaweza kufupika kidogo.

Ukifanya kazi Arusha, Moshi, Nakuru au kwingineko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, utakutana na meno ya kahawia ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinazidi. Enameli hiyo hailainiki vizuri kwa asidi, hivyo braketi hubanduka. Sugua uso wa jino kwanza, na mwonye mgonjwa kwamba huenda akarudi kubandikiwa upya.

Ritena

Siku ya kutoa breisi mgonjwa hudhani amemaliza. Nyuzi za ufizi zilizovutwa huhitaji miezi mingi kujipanga upya, baadhi zaidi ya mwaka. Robert Little na wenzake huko Seattle, waliowafuatilia wagonjwa miaka 10 baada ya kuacha kuvaa ritena, kifaa cha kuyashikilia meno yalipofikishwa, walikuta theluthi mbili wana mbanano wa chini usioridhisha. Kwa hiyo ritena huvaliwa muda wote kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku tu, na usiku huo hauna tarehe ya mwisho maadamu mtu anataka meno yakae yalivyo. Mwambie hayo kabla hujabandika braketi ya kwanza, ukiandika kwenye ridhaa anayotia saini. Mwoneshe namna ya kuiosha kwa maji ya baridi na mswaki, maana maji ya moto huipinda. Na akiivua wakati wa kula asiifunge kwenye karatasi ya shashi: hutupwa na mabaki ya chakula, kisha mzazi anarudi kliniki kuuliza bei ya nyingine.